Nilivyopunguza Dawa ya Fundi Kassimu

Asha alinipigia simu Jumanne moja nikiwa maabara, na kabla hajafika kwenye jambo lenyewe aliniuliza habari za kazi, za wanafunzi, za joto la Dar es Salaam, mpaka nikajua kuna kitu kibaya. Watu wa Ujiji hawakurupuki na habari mbaya. "Dada Tupoki," alisema mwishowe, "mama anaumwa. Ni saratani ya titi, imeshafika mgongoni. Hospitali wamempa dawa ya maji, ile ile aliyokuwa akitumia baba, na hataki hata kuionja. Anasema kwa dawa hiyo nusura amuue mumewe, hawezi kuinywa yeye. Njoo umwambie. Wewe ndiye unayeijua." Nilimwambia nitakuja. Nilipokata simu nilifunga mlango wa maabara kwa ndani, mimi mwanamke ninayekaribia hamsini, mwalimu wa chuo kikuu ambaye wanafunzi husimama anapoingia darasani. Niseme mapema ili msomaji asinitarajie ushujaa: mimi ni mwoga. Naogopa maji mengi, naogopa mbwa, naogopa wakubwa wa kazi. Lakini woga ninaotaka kuusimulia hapa ni wa mwaka mmoja tu, mwaka niliopanga chumba kwa wazazi wa Asha, Fundi Kassimu na mkewe Bi Mwajuma, nikiwa na miaka ishirini na mitano.

Nilikotoka hakuna umuhimu hapa. Itoshe kwamba serikali ilinipeleka Kigoma, hospitali ikanipa kazi kwenye chumba cha dawa, na mtu mmoja akanionyesha nyumba ya Ujiji yenye chumba cha kupanga. Ilikuwa nyumba ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kuta zake ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, juu yake uwazi mpaka kwenye bati. Chumba changu kilipakana na chao. Nilijua Bi Mwajuma anapovaa kanga, nilijua Fundi anapogeuka kitandani, na wao bila shaka walijua siku ninazolia kwa kukumbuka nyumbani, maana kesho yake Bi Mwajuma alikuwa akiniita mapema kula. Alinilisha kana kwamba chakula kilikuwa sehemu ya mkataba wa chumba: ugali wa muhogo, maharage yaliyotiwa mawese mpaka yakawa mekundu, samaki aina ya migebuka wa kukaanga. Mimi niliyetoka kwenye ndizi na maziwa nilikuwa nikiyanusa mawese kwanza, na yeye alinicheka. "Kula, mwanangu. Usipokula mawese Kigoma hii itakutapika." Sikuwahi kulipia hata sahani moja, na kila nilipojaribu kununua chochote cha jikoni alinuna siku nzima.

Fundi Kassimu alikuwa mtengeneza maboti. Nilipofika alikuwa bado anashuka ufukweni asubuhi, lakini kwa kukaa tu kwenye kipande cha mbao na kuwaelekeza wengine, maana ugonjwa ulishaanza kumlemaza. Ilikuwa saratani ya tezi dume iliyopanda kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa hawezi kuinama, hawezi kulala chali, na kabla ya dawa kuanza alikula amesimama, sahani ikiwa dirishani. Daktari alipomwandikia mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, mimi ndiye niliyekuwa naichanganya. Unga wake ulikaa kwenye kabati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwa mkuu wangu, Bwana Gervas, mtu wa Kasulu mwenye sauti kubwa na moyo mzuri. Tulifungua pamoja, tukapima unga pamoja kwenye mizani, tukasaini. Kisha yeye alirudi dirishani kwa wagonjwa na mimi nikabaki kuuchanganya na maji yaliyochemshwa na kupoa, kutia chupani na kubandika karatasi. Tulikuwa na nguvu moja tu ya dawa hiyo kwa wagonjwa wote. Nyumbani, Bi Mwajuma aliivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kumminia mumewe mdomoni, kila baada ya saa nne. Alianza na nusu bomba. Siku ya kwanza Fundi alikaa chini, akala, akamtania mkewe kwamba maharage yamezidi chumvi, na Bi Mwajuma akaenda uani kulia.

Furaha hiyo ilidumu kama miezi miwili. Baadaye nusu bomba haikutosha, daktari akapandisha likawa bomba zima. Likawa bomba na nusu. Kufikia katikati ya mwaka yalikuwa mabomba mawili. Fundi mwenyewe aliieleza hali yake kwa lugha ya kazi yake. "Boti ukilikalafati, ukaziba nyufa zake kwa pamba na mawese, mwaka wa kwanza haliingizi tone," aliniambia siku moja tukinywa chai. "Mwaka wa pili maji yameshajua njia. Unaongeza pamba. Si kwamba pamba ni mbaya, binti." Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa naogopa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika zile namba. Chuoni tulifundishwa kuiogopa mofini kuliko tulivyofundishwa kuitumia. Mwalimu wetu alikuwa akigonga ubao na kusema dawa hii inasimamisha pumzi, mgonjwa analala na haamki, na aliyetoa dawa anaenda jela. Kila dozi ilipopanda nilimwona mwalimu yule akigonga ubao. Nilianza kusikiliza juu ya ukuta. Baada ya chakula cha jioni, Fundi akishalala, nilikaa kitandani kwangu na kuhesabu pumzi zake, na zikichelewa kidogo tu jasho lilinitoka.

Halafu yalikuja maneno ya barazani. Maulidi, mdogo wake Fundi, alikuwa akija alasiri na wenzake wawili watatu kumjulia hali, na wakitoka ndani walikaa nje chini ya dirisha langu. "Kaka amekuwa teja," Maulidi alisema siku moja, bila kushusha sauti. "Saa ya dawa ikikaribia anaiulizia kama mtoto anayeulizia ziwa la mama. Wale vijana wa mjini si huanza hivi hivi?" Mwenzake akasema labda ni maumivu. "Maumivu yapo, sikatai. Lakini nikuulize: akifa amelewa, shahada ataitamka na ulimi upi?" Akaendelea: "Na yule msichana mpangaji ndiye anayemtengenezea. Watu wa kuja wanajua nini?" Nilibaki nimesimama na nguo mkononi. Sikuwa Mwislamu, lakini nilielewa ninachotuhumiwa: kwamba nilikuwa nikimnyima mtu neno lake la mwisho. Kwa mwoga, hayo yalitosha. Sasa nilikuwa naogopa vitu vitatu kwa wakati mmoja, kumuua Fundi, kumfanya mlevi, na kumpeleka mbele ya Mungu wake akiwa na ulimi mzito.

Leo najua kwamba Maulidi alikosea, na ninajua kwa undani wa kuchosha, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha miaka yote hii. Ndani ya uti wa mgongo kuna seli za neva zinazopitisha habari za maumivu kwenda kwenye ubongo, na katikati yake zimejaa seli nyingine zinazoitwa astrosaiti, zenye mikono mingi kama nyota inavyochorwa na watoto. Kwa muda mrefu wataalamu walizidharau. Walidhani ni watumishi tu, wa kulisha neva na kufagia uchafu wake. Kumbe zinasikiliza. Mofini ikija siku baada ya siku, seli hizi huamka, huvimba, huanza kumwaga kemikali zinazozichochea neva zipige kelele zaidi, na huzembea kuondoa zile kemikali za uchochezi zilizokwisha kumwagwa. Dawa inashusha maumivu, astrosaiti zinayapandisha, na kiasi kile kile kilichotosha juzi leo hakitoshi. Si hadithi nzima, mwili una njia nyingi za kuizoea dawa, na saratani nayo haikukaa kusubiri. Lakini hakuna ulevi hapo, hakuna tabia mbaya, hakuna dhambi ya Fundi wala ya mtu yeyote. Nimelieleza jambo hili katika kumbi zenye viyoyozi, kwa picha za rangi, na watu wakapiga makofi. Mtu mmoja aliyestahili kulisikia, Bi Mwajuma, alikuwa Ujiji, na kwake sikwenda.

Nilichofanya mwaka ule ni hiki. Unga ulipopimwa na Bwana Gervas akarudi dirishani, nilitia nusu tu kwenye chupa ya Fundi Kassimu, na nusu iliyobaki nikaimwaga kwenye sinki na maji mengi. Karatasi niliyobandika ilikuwa ile ile. Nilijiambia namwepusha na hatari taratibu, bila kumtisha, na kwamba daktari hayuko nyumbani kuona ninayoyaona. Siku mbili zikapita, Fundi hakufa, na hilo nililihesabu kuwa ushindi. Chupa iliyofuata nilitia theluthi. Ndipo kuguna kulipoanza kupita juu ya ukuta. Fundi akarudia kula amesimama. Bi Mwajuma alinisubiri ukumbini asubuhi, macho mekundu. "Mwanangu, dawa imemkataa. Mabomba mawili ni kama maji." Ilikuwa karibu maji kweli, na mimi ndiye niliyejua. Nilimwambia aende hospitali akaulize, na siku hiyo hiyo akaenda, akamkuta Bwana Gervas dirishani. Bwana Gervas alizungumza na daktari, akarudi na jibu lililo sahihi kabisa kwa dawa iliyo sahihi: "Mama, pandisha kidogo kidogo mpaka mzee atulie." Bi Mwajuma akapandisha. Kufikia wiki iliyofuata alikuwa akivuta mabomba manne, na Fundi akawa anapata nafuu kidogo, na mimi nikaacha mambo yaende hivyo kwa sababu kuyarekebisha kungetaka maelezo.

Hesabu ya kilichofuata hata mtoto angeweza kuifanya, ila mimi sikuifanya. Chupa ya kunywa mabomba mawili mawili, ukinywa manne manne, inaisha mapema. Nilitumwa kupeleka dawa kwenye zahanati za njia ya Kasulu, safari ya siku tatu. Tulirudi siku ya tatu mchana, tukasimama Kidahwe dereva anunue mkaa, na nakumbuka nilikuwa na furaha kwa sababu nilimnunulia Bi Mwajuma parachichi. Hospitali nilimkuta Bwana Gervas anakula. "Binti wa fundi wako alikuja asubuhi na chupa tupu," alisema. "Nimemchanganyia mpya mwenyewe." Nikamwambia chupa ile ilitakiwa ifike Ijumaa. "Si wamepandisha? Sasa anakwenda na manne. Yule mzee ana mgongo mgumu, hewe!" Akacheka, akaendelea kula. Manne ya dawa yenye nguvu kamili. Mara tatu ya ile niliyokuwa nikimpa. Katika chumba cha upasuaji kulikuwa na sindano ya kuifuta mofini mwilini, nilijua rafu yake na rangi ya boksi lake. Ili kuipata ningelazimika kumwomba Bwana Gervas, na angeuliza kwa nini. Nilimwambia tumbo linaniuma, nikatoka mikono mitupu, nikapanda pikipiki kwenda Ujiji.

Bi Mwajuma alikuwa uani anachambua dagaa, uso umeng'aa. "Leo amelala!" aliniambia kabla sijamsalimia. "Hajalala hivi mwezi mzima, alhamdulillahi. Amekunywa baada ya adhana ya adhuhuri, akalala papo hapo." Niliingia chumbani mwao bila kupiga hodi. Fundi alilala ubavu, kinywa wazi, midomo imebadilika rangi. Nilitazama saa yangu na kumhesabia dakika nzima. Pumzi tano. Nilimfungua jicho, mboni ilikuwa imenywea ikawa nukta. Nilimpiga mashavuni, nikamsugua kifua kwa ngumi, nikapiga kelele masikioni mwake, "Mzee Kassimu, pumua!" Akavuta pumzi moja ndefu. Nikanyamaza, naye akaacha kupumua. Bi Mwajuma alikuwa mlangoni, mikono ina magamba ya dagaa. "Mwambie apumue, mama," nilisema. "Usiache kumwambia." Alipanda kitandani, akamwinua mumewe akamwegemeza kifuani kwake, akaanza: "Kassimu, pumua. Kassimu, vuta pumzi, baba Asha." Kila tulipomwambia alipumua, na kila tulipopumzika alisahau. Tulipokezana hivyo mpaka adhana ya alasiri. Asha alirudi kutoka shule na sare yake akaingia kwenye zamu, mtoto wa miaka kumi na minne akimwamrisha baba yake kupumua. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada ya siku hiyo. Niliogopa kwa kila pumzi peke yake. Jua lilipokuwa linashuka alifumbua macho, akatutazama sisi watatu, akasema kwa hasira, "Mbona mnanipigia kelele? Nipo." Kisha akaomba chai.

Bi Mwajuma alinifuata ukumbini. Alinishika mkono na kuniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia mahali pageni: "Mwanangu, niambie kweli. Nilimzidishia mimi?" Nilikuwa na nafasi yangu hapo. Nyumba ilikuwa kimya, Asha alikuwa anakoleza jiko. Niliona mizani, nikaona kitabu cha saini, nikaona jela, nikamjibu, "Mabomba manne ni mengi, mama." Sentensi hiyo haina neno hata moja la uongo ndani yake, na ndiyo maana nimeweza kuishi nayo vizuri kuliko nilivyostahili. Yeye aliinamisha kichwa. "Basi nilitaka kumuua mume wangu," alisema, na mimi nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nilichanganya dawa kwa nguvu yake kamili, bila kupunguza hata chembe, na haikusaidia kitu, kwa sababu Bi Mwajuma hakuvuta tena zaidi ya bomba moja. Siku nyingine alivuta nusu. Nilimbembeleza aongeze, nikasema nitavuta mimi, daktari mwenyewe akamwita akamwambia. Alikataa. Chupa aliifungia kwenye sanduku la nguo na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. "Usinitie majaribuni," aliniambia. "Mkono wangu ulishakosea mara moja." Fundi Kassimu aliishi wiki saba baada ya hapo, na nilizisikia zote juu ya ukuta. Niliendelea kula kwao. Hilo nalitaja kwa sababu lilikuwa gumu zaidi kuliko kusikia: nilikaa kwenye mkeka ule ule, Bi Mwajuma akanimegea samaki upande wenye nyama, na mumewe akiuma mto chumba cha pili. Neno moja langu lingefungua lile sanduku. Alikufa asubuhi moja ya mawingu, na Maulidi akatangaza kwa fahari barazani kwamba kaka ametamka shahada wazi, herufi kwa herufi, kila mtu amesikia. Ni kweli, hata mimi nilisikia. Aliitamka ameuma meno.

Kwa hiyo Asha aliponipokea uwanja wa ndege wiki iliyopita, mwalimu wa shule sasa, mnene kidogo kama mama yake alivyokuwa zamani, nilimkumbatia muda mrefu ili asinitazame usoni. Alinipeleka kwake Katubuka. Njiani aliniambia, "Mweleze tu zile seli zako, dada. Wewe akikusikia ataelewa." Bi Mwajuma alikuwa amepungua, kitanda kilionekana kikubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akishikilia ukingo wa godoro kwa maumivu, akauliza kama nimekula. Nami, mwoga wa miaka yote, nikaanza na somo. Nikamweleza astrosaiti, jinsi zinavyoamka, jinsi mwili unavyoizoea dawa bila mtu kuwa mlevi, kwamba kuongeza si kosa mradi kuongezwe kwa hesabu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Umesoma, mwanangu, hongera," alisema. "Lakini mimi nilimvutia manne. Nimemwomba Mungu msamaha kila sala tangu siku ile."

Asha alikuwa mlangoni. Nilipiga magoti sakafuni, nikamwambia. Nilimwambia nusu, nikamwambia theluthi, nikamwambia sinki, safari ya Kasulu, boksi la sindano nililoliacha rafuni. Nikamwambia mkono wake haukukosea hata siku moja. Nilipomaliza niliona maumivu yakimpitia mara mbili kabla hajasema.

"Na zile wiki saba," aliuliza, "ulikuwa unamsikia?"

"Nilikuwa namsikia, mama."

"Na ulikuwa unakula kwangu."

"Ndiyo."

Hakulia na hakunilaani. Alimwambia Asha alete dawa. Nilinyoosha mkono kuipokea chupa, kwa mazoea ya kazi, naye akasema, "Si wewe. Wewe toka nje." Nilitoka nikasimama nyuma ya mlango, na sikuwa na nguvu za kwenda mbali zaidi. Nilimsikia Asha akisoma karatasi ya chupa kwa sauti, kiasi cha unga, kiasi cha maji, kiasi cha kunywa. Kisha akaniita kupitia mlango, na sauti yake haikuwa tena ya uwanja wa ndege. "Dada Tupoki, hiki kilichoandikwa hapa ni kweli?"

Nilisema sijui. Nilisema sikuichanganya mimi.

"Basi nipe, Asha," alisema Bi Mwajuma, "ninywe."